Hogo la Mguu Mzima

Wanangu wa chumba cha plasta,

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, mkanitaka niseme neno. Sikuweza. Machozi yalikuwa karibu, na mgeni rasmi alikuwa ameshasema ya kwake mpaka pilau ikapoa. Sasa nipo nyumbani, asubuhi hakuna anayenisubiri, na mikono yangu haijui pa kwenda. Basi naandika. Habari za kupandishwa daraja naziacha, zilikuwa chache na zote zilichelewa. Miaka ya Bukoba nayo mnaijua kwa kuwa mlikuwepo, na kelele nyingi za miaka ile zilikuwa zenu. Nitawaambia ya Muleba, nilikoanzia kazi, wakati baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa.

Nilifika katika hospitali ya misheni nikiwa binti mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vyeupe. Hospitali ilikuwa kilimani, imezungukwa na migomba pande zote, na ukichungulia kati ya majani unaliona ziwa. Nilipelekwa chumba cha mwisho cha veranda, nikamkuta mzee mfupi mwenye aproni ya turubai, mikono myeupe hadi viwikoni kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Huyo ndiye Ta Muganyizi, yaani Baba Muganyizi kwa Kihaya, fundi plasta, mzaliwa wa Kibeta kule Bukoba. Aliviangalia viatu vyangu kabla ya kuniangalia usoni.

"Waitu Kemilembe, na hivyo viatu, unapita tu hapa kuelekea harusini?"

Nikamwambia ndivyo tulivyoelekezwa chuoni. "Chuoni ni mbali," akasema, akanipa ndoo nikachote maji ya uvuguvugu. Kabla ya saa ya chakula viatu vilikuwa vimejaa madoa ambayo hayakutoka tena, na tangu kesho yake nilifanya kazi na raba nyeusi.

Ta Muganyizi alikuwa Mlutheri katikati ya masista, na hakuwa na saa. Plasta ikishazungushwa inataka kushikwa bila kutikiswa mpaka igande, na yeye alipima muda huo kwa kuimba tenzi kwa sauti ya chini, beti zote, bila kuruka. Mkono wa mtoto ulitaka wimbo mfupi. Paja la mtu mzima lilitaka wimbo wa Kwaresima. Sista mkuu alishazoea. Alisema watu wa Muleba wanavunjika Kikatoliki na kuunga Kilutheri. Mimi ni Mkatoliki, na nyimbo zile mpaka leo nazijua kuliko wenyewe.

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi nimewachosha nayo. Chovya bandeji, subiri mapovu yaishe, kamua kwa kusukuma ncha mbili zikutane, usiisokote kama nguo. Lainisha kwa kiganja, maana ncha ya kidole inaacha shimo na shimo hilo kwa ndani linakuwa kidonda. Vidole vya mguu viache wazi, uvione, uviguse, umwambie mgonjwa avichezeshe. Mwambie mapema kwamba plasta itapata joto, kwa sababu asiyeambiwa anaruka mezani akidhani anapikwa. Bandeji za kiwandani zilikuwa za kusubiri gari la Bukoba, kwa hiyo nyingi tulijitengenezea: tunatandika shashi mezani, tunasugua unga wa plasta mpaka uingie kwenye nyuzi, tunaviringisha, tunahifadhi kwenye debe lenye mfuniko. Mwaka wangu wa kwanza wote nilikuwa nakohoa.

Mwisho wa kazi alichukua kalamu. Hogo likishashika, maana plasta yote ya mguu au mkono watu wetu wanaiita hogo, alichora mfupa juu yake, na penye ufa akapitisha mstari wa kona kona. Alitaka yeyote atakayempokea mgonjwa, hata kama ni zahanati ya kisiwani Bumbire, aone bila kuuliza mfupa umevunjika wapi. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Wapo waliomwomba awachoree na mgomba pembeni, na foleni ikiwa fupi aliwachorea.

Ukifunga plasta Muleba unawajua wateja wako kwa misimu. Wa maparachichi wanatoka mitini. Wa kahawa wameteleza na magunia. Wa senene wamekimbiza panzi hao huku wanatazama juu. Lakini miaka ya tisini ilituletea wateja wasiofuata msimu wowote, na hao ndio ninaotaka kuwasimulia.

Nchi moja ya jirani, ambayo siitaji kwa sababu na wenyewe wanasoma Kiswahili, iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Kwetu Muleba kulikuwa na familia nyingi zenye asili ya huko. Baba zao walikuja zamani kuwa vibarua wa kahawa, wakapewa vipande vya kulima pembeni mwa vibanja, mashamba ya migomba ya wenyeji, wakazaa, watoto wakasoma shule zetu, wakaongea Kihaya na wakaringa kama sisi. Sasa wakaanza kuja watu wa kikundi kimoja cha kule kilichokuwa kinapigana. Walisema kila nyumba yenye asili yao itoe kijana mmoja. Waliuita mchango, kama wa kujenga kanisa. Aliyekataa alichukuliwa njiani akitoka mwaloni kwenye mitumbwi, na mama yake akapata habari kwa wauza samaki.

Mtauliza polisi walikuwa wapi. Walikuwepo. Lakini mtu asiye na karatasi za uraia haendi kituoni kusema kwamba anatafutwa, kwa sababu swali la kwanza litamgeukia yeye. Wakusanyaji walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Vita ile haikupendwa. Wazee wa familia hizo walisema ni ugomvi wa watu wanaotaka viti, na watoto wao hawajawahi kuviona viti hivyo hata kwenye picha. Mkubwa wa wakusanyaji alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, shati limepigwa pasi, Kiswahili cha vitabuni, na watu wakamwita Katibu. Hakuna aliyemtukana, maana walimwogopa. Ila akitaka kununua ndizi sokoni aliambiwa zimeisha, na kina mama wamezikalia. Akiingia hotelini kuagiza chai, maziwa yameisha. Akisema basi ya rangi, majani yameisha. Akisema basi maji ya moto, moto umezimika. Nadhani ndiye mtu pekee aliyepata njaa Muleba wakati wa mavuno.

Siku moja ya gulio mimi na Ta Muganyizi tuliletewa kijana wa moja ya familia hizo, kwenye baiskeli, mguu umefungiwa vijiti na kanga ya mama yake. Baba yake ndiye aliyekuwa anaisukuma baiskeli. Alisema mtoto ameanguka kutoka mparachichi. Ta Muganyizi alifungua ile kanga taratibu, akaangalia, akagusa, halafu akauliza, "Na huo mparachichi ulimpiga mara tatu mahali pamoja?"

Yule baba alichuchumaa palepale sakafuni akaanza kulia. Alikuwa ameuvunja mguu wa mwanawe kwa mchi wa kutwangia, mtoto mwenyewe ameuma kitambaa na amekubali, ili wakusanyaji wamkute hafai. Hakuwa na uzoefu wa kuvunja. Mfupa ulitoka nje na udongo ukaingia. Tuliosha tulivyoweza, tukampeleka Bukoba na gari la masista, na huko, baada ya kuhangaika sana, mguu ulikatwa juu ya goti. Vitani hakwenda. Siku tuliyorudi, Ta Muganyizi alimfunga mtoto mmoja mkono bila kuimba, akawa anahesabu kwa midomo tu.

Haukupita muda akaja Ma Veneranda. Tulimjua, alikuwa anauza karanga na ndizi za kuchoma getini kwetu. Mjane wa moja ya familia zile, mabinti wameolewa, nyumbani amebaki na mtoto wake wa kiume, Enosi, ambaye alikuwa akivua dagaa Bumbire. Wenzake wawili walikuwa wamechukuliwa mwaloni, naye akapanda mtumbwi wa kwanza akarudi kwa mama. Ma Veneranda aliingia chumba cha plasta, akafunga mlango nyuma yake, akasalimia vizuri, kisha akasema:

"Nimemleta mgonjwa."

"Yuko wapi?" akauliza Ta Muganyizi.

"Huyu."

Enosi alikuwa amesimama nyuma yake, amekaribia kugusa dari, miguu kama nguzo za umeme.

"Anaumwa nini?"

"Mguu umevunjika."

"Umevunjika lini?"

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi, Ma Veneranda. Jumamosi iliyopita?"

"Hii inayokuja."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani ni utani. Ma Veneranda hakucheka. Alisema Katibu amempelekea habari kwamba Jumamosi watapita kuchukua mchango wa nyumba yake. "Mchi na mimi ninao, Ta Muganyizi. Kama humfungi nitafanya kama yule baba, halafu utamfunga kwa haki. Nimekuja kwako kwanza kwa sababu nina mmoja tu, na sijui kuvunja."

Ta Muganyizi aliinamisha kichwa. Nilidhani anatafuta namna ya kumkatalia kwa heshima. Kumbe alikuwa anaangalia miguu ya Enosi.

"Mpira unapiga na upi?"

"Wa kulia, baba."

"Basi panda mezani. Kemilembe, leta bandeji zile tulizotengeneza wenyewe. Za kiwandani ni za waliovunjika."

Tulimfunga mguu wa kushoto, kuanzia juu ya paja hadi kwenye vidole, na tenzi ikaimbwa yote. Hogo liliposhika nikampa kalamu kama kawaida. Aliishika, akafikiri, akachora mfupa mzuri kabisa, ulionyooka, bila ufa hata mmoja.

"Utamponza!" nikamwambia.

"Kufunga nimefunga kwa ajili ya mama yake. Ila mimi sichori ufa ambao sijauona," akajibu, akaosha mikono.

Kitu tulichosahau wote ni kukubaliana huo mguu ulivunjikaje. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, mnajua. Habari zilipofika kwamba Enosi yuko kitandani na hogo, watu wakaanza kumiminika na ndizi, maharage, pombe ya rubisi kwenye kibuyu, kila mmoja na pole yake. Kila aliyeuliza alijibiwa na aliyekuwa karibu. Kufikia Ijumaa mguu ule ulikuwa umevunjwa na ng'ombe, na shimo la choo, na ngazi za kanisa. Tena watu walikuwa wamemwona Enosi Jumatano amebeba mkungu begani anapanda mlima anapiga mluzi. Hakuna aliyelitaja hilo. Walikaa, wakatikisa vichwa, wakasimulia mifupa waliyowahi kuvunja wao na babu zao. Bibi mmoja jirani alimtazama Enosi akila kwa hamu akashindwa kuvumilia. "Wee mtoto, mtu wa hogo hali hivyo! Kunja uso. Ukigeuka, lia kidogo." Akakaa naye mchana mzima kumfundisha kulalamika.

Jumamosi Katibu alikuja na watu wake wawili, akakuta nyumba imejaa wageni mpaka nje. Alipewa nafasi. Aligonga hogo kwa kidole, akalipapasa, akainama kuangalia mchoro.

"Mbona mfupa huu hauna ufa?"

Enosi aliniambia baadaye kwamba kila mgeni alimgeukia mwenzake. Kisha yule bibi akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Umeunga. Mungu ni mkubwa." Wote wakaitikia kama wako kwenye sala. Katibu alitazama chini, na Enosi aliapa kwamba alikuwa anazuia kicheko. "Nitarudi ukipona," akasema, akaondoka. Aliondoka bila kupewa hata maji ya kunywa.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Kulikuwa na mama mmoja, jirani wa chini yao, ambaye mwanawe ni mmoja wa wale wawili wa Bumbire. Alikuja kumwona Enosi mara moja tu. Aliweka chini kifurushi chake cha maharage, akaliangalia lile hogo, akamwambia Ma Veneranda, "Wako amebahatika kuvunjika." Akaenda zake. Ma Veneranda alinisimulia hayo getini akiwa anachoma ndizi, na ndizi zikaungua zote. Mtoto wa yule mama hajarudi mpaka leo.

Katibu naye alitimiza neno lake. Alirudi, akarudi tena, wakati mwingine akatuma mtu apite ghafla. Tulikuwa tumepanga kulifungua hogo kila baada ya siku chache ili Enosi atembeetembee ndani, lakini kwa wapita njia wale haikuwezekana. Likilainika tunaweka jipya. Tulimfundisha kukaza misuli ya paja akiwa amelala, naye alikaza, ila mguu usiokanyaga chini unasinyaa hata ukiubembeleza. Ta Muganyizi alinionya kuhusu hilo mara nyingi. Kisha siku zake za utumishi zikaisha. Tulimuaga kwa soda na biskuti, akanikabidhi ile aproni ya turubai, akarudi Kibeta kwenye kibanja chake, na mimi nikabaki peke yangu na chumba, na Enosi.

Walikuja Jumatatu. Sista mkuu alikuwa amesafiri. Niliona kwanza magongo, kisha Enosi mwenyewe, kisha Katibu na wale wawili, na mwisho Ma Veneranda anahema, ameacha karanga zake getini bila mtu.

"Sisi ni ndugu zake," Katibu akasema kwa adabu zake zote. "Huyu amekaa na hogo kuliko mfupa wowote ninaoufahamu. Tunaomba ulifungue, dada."

Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kupiga kelele, wodi ya wanaume ilikuwa karibu. Lakini nilijua wangemchukua barabarani jioni yake, na hogo wangelipasua wenyewe kwa panga. Nikachomeka msumeno kwenye umeme. Nyinyi mnajua kwamba msumeno wetu unatetemeka tu, haukati ngozi. Nikauonyesha kwanza kwenye kiganja changu kama kwa kila mgonjwa. Nilikata taratibu kuliko nilivyowahi kukata. Nilikuwa naona mbele yangu kitu kimoja tu, kwamba chini ya hii plasta kuna mguu mzima, na mimi ndiye ninayewafunulia.

Nilitanua, nikakata pamba kwa mkasi, nikafungua.

Harufu ilitangulia. Halafu tukauona. Ngozi imekauka inabanduka kama ganda la kitunguu, nywele zimekuwa ndefu na nyeusi, paja limeisha, goti limetokeza kubwa peke yake. Nilikuwa nimeshafungua mahogo mengi na nilijua mguu utakuwa mwembamba. Sikutegemea uwe vile. Katibu alimwambia Enosi asimame. Enosi alijaribu kwa moyo wake wote, maana kijana ana aibu ya kutosimama mbele ya wanaume, akatua uzito kwenye mguu ule, na goti likakataa. Alianguka kama mzigo na akapiga ukelele. Ma Veneranda akapiga wa kwake. Bibi wa kufundisha kulalamika hakuwepo, na wala hakuhitajika. Mimi nilikaa sakafuni nikakiweka kichwa cha Enosi mapajani mwangu nikalia, kwa sababu tulikuwa tumemponya na vita kwa kumvunja kweli.

"Huyu ni wa kubebwa," mmoja wa wale wawili akasema. "Hafai." Wakatoka nje kuvuta sigara.

Katibu alibaki. Alisubiri mpaka tumemwinua Enosi na mama yake amempeleka veranda kukaa. Mimi nikaanza kuokota vipande vya plasta ili nisimtazame.

"Inachukua muda gani?" akauliza.

"Nini?"

"Mguu mzima. Mpaka uwe vile."

Nilijua ni mtego, nikaendelea kuokota. Akasogea, na kile Kiswahili cha vitabuni kikawa kimemtoka. "Dada, mimi nina mdogo wangu. Yuko Biharamulo kwa mjomba. Wakubwa wamesema sasa kila nyumba itoe wawili, na yetu imetoa mimi tu."

"Wewe ulijitolea?"

"Mimi nilitolewa," akasema.

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza, ingawa tulikuwa tumemchukia kwa muda mrefu namna ile. Alikuwa amechoka, kola ya shati lake imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono. "Plasta tunafunga Jumatatu na Alhamisi," nikamwambia.

Nikaanza kazi ya kuurudisha mguu wa Enosi. Mafuta ya nazi kwa ngozi, mfuko wa mchanga kifundoni, goti kulikunja kidogo leo na kidogo zaidi kesho, huku anatukana kwa Kihaya na mama yake anamkemea kwamba hapa ni kwa masista. Ulirudi, si wote. Leo hii Enosi ana watoto wakubwa, mguu wa kushoto bado mwembamba kuliko mwenzake, na anauonyesha kwenye harusi bila kuombwa. Lakini Alhamisi moja wakati huo alikuwa bado anajifunza kusimama kwa kushikilia ukingo wa dirisha, mama yake pembeni, ndipo mlango ukafunguliwa na Katibu akaingia na kijana mrefu mwenye paji la uso kama lake.

Ma Veneranda aliwaangalia. Akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Alichukua gongo moja la Enosi lililokuwa limeegemea ukuta, na nikajua hapa mtu atavunjika kikweli.

"Wewe," akamwambia Katibu. "Wewe uliyekuja kumla mwanangu. Uliyewala wenzake. Leo unaleta wa kwenu afichwe?"

"Ndiyo, mama," akasema Katibu. Hakujitetea. Alivua kofia akasimama, na mdogo wake akawa anatutazama mmoja mmoja bila kuelewa ni nani adui.

Ma Veneranda alimwambia mengi. Alimtajia yule mama wa maharage, alimtajia wale vijana wawili kwa majina yao na ya baba zao, alimwambia kwamba ndizi zake hatazila hata akifa njaa getini pale. Enosi alitaka kusema neno, akanyamazishwa. Sauti ilipomwishia, alibaki amesimama anahema, gongo mkononi, anamtazama yule kijana. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ya kuulizia bei:

"Na akishafungwa, ataugua wapi?"

Katibu hakuelewa.

"Nimekuuliza, ataugua wapi? Mtu wa hogo anataka kitanda. Anataka wa kumpikia, anataka watu wa kuja kumwona, la sivyo nani atasadiki? Mtamlaza nyumba ya wageni na hao wenzako wavuta sigara?"

Katibu hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. "Sina mahali, mama," akasema. "Hapa hatuna mtu."

Ma Veneranda alilirudisha gongo mahali pake, polepole.

"Ataugua kwangu," akasema. "Kitanda kipo, Enosi amekichoka."

Kisha akainama, akaanza kumfungua yule kijana kamba za kiatu.